Tathmini ya programu ya simu ya kukagua pembetatu: inachora vizuri, inateleza mpakani

Kwa muhula mzima nimekuwa nikitumia, mimi na wanafunzi ninaowafundisha hisabati, programu ndogo ya simu ambayo kazi yake kubwa ni moja: mtumiaji anaingiza urefu wa pande tatu, na programu inamwambia kama pande hizo zinaweza kukutana zikafanya pembetatu au haziwezi. Imo pia sehemu ya kutafuta mipaka ya upande wa tatu pale ambapo mbili zinajulikana, sehemu ya kukokotoa eneo na mzingo, na sehemu ya mazoezi. Inatumia Kiswahili, inafanya kazi bila intaneti, na haina matangazo. Nimeipima kwa uangalifu mkubwa kuliko kawaida, kwa sababu swali lenyewe, ingawa linaonekana dogo, ni miongoni mwa maswali ya hisabati ya shuleni ambamo tofauti ndogo kabisa ya kipimo hugeuza jibu lote kutoka ndiyo kuwa hapana.

Kanuni yenyewe haina utata. Pande tatu zinaunda pembetatu iwapo jumla ya zozote mbili inazidi upande uliobaki. Neno la kushika hapo ni "inazidi". Jumla ikilingana na upande wa tatu, kama ilivyo kwa 2, 3 na 5, vipande viwili vifupi vinalala sawasawa juu ya kile kirefu, ncha kwa ncha, na kinachobaki ni mstari usio na pembe hata moja. Jumla ikipungua, kama kwa 2, 3 na 6, vipande havifikiani kabisa. Kwa namba nzima za kawaida programu hii haikukosea hata mara moja. Nilianza na 3, 4 na 5, nikaendelea na 13, 14 na 15, nikajaribu pande tatu zilizo sawa, kisha nikajaribu 1, 50 na 50, ambazo zinaunda pembetatu halali ingawa kwenye skrini huonekana kama sindano, na majibu yote yalikuwa sahihi. Nilizibadilisha nafasi pia, kwa sababu programu zilizoandikwa kwa haraka hukagua jumla ya namba mbili za kwanza pekee. Hii haikudanganyika kwa mpangilio wowote kati ya mipangilio sita ya namba tatu.

Jambo lililonifanya niipende ni mchoro. Mtumiaji akiingiza 9, 3 na 4, programu haiishii kuandika neno "hapana". Inaulaza upande wa 9, inaweka kipande cha 3 kwenye ncha ya kushoto na cha 4 kwenye ncha ya kulia, kisha inavizungusha vyote viwili polepole kama mguu wa bikari unavyozunguka. Ncha zake huchora matao mawili ambayo hayagusani. Vipande vinapolala kabisa juu ya upande mrefu, katikati hubaki pengo, na programu inaliandika pengo hilo kwa rangi nyekundu: 2. Nilikuwa na mwanafunzi ambaye kwa majuma kadhaa alijumlisha namba mbili za mwanzo alizoziona na kulinganisha na ya mwisho; kwake 9 na 3 zilifanya 12, 12 inaizidi 4, basi pembetatu ipo. Nilimweleza kwa maneno mara nyingi bila mafanikio. Siku alipoutazama mchoro huo aliinua kichwa akasema, "Mwalimu, hivi viwili vifupi havifikiani." Kauli hiyo ndiyo kanuni yenyewe, tena imesemwa vizuri kuliko inavyosemwa katika maandishi ya programu, na tangu siku hiyo hakurudia kosa lile.

Ujenzi huo wa matao mawili ni wa kale sana. Euclid, mwanahisabati wa Ugiriki ya kale, aliuweka katika kitabu cha kwanza cha Elements, mnamo mwaka 300 KK, kama hoja ya 22: kuunda pembetatu kutokana na mistari mitatu iliyotolewa, kwa sharti kwamba mistari miwili yoyote ikiunganishwa iuzidi wa tatu. Waundaji wa programu wameifuata njia hiyo kwa uaminifu, ila wameacha jambo moja ambalo ningelitaka. Matao, yakiendelezwa, hukutana mahali pawili, juu ya upande uliolazwa na chini yake, nao wanaonyesha makutano ya juu pekee. Yangeonyeshwa yote mawili, mwanafunzi angeona kwamba pembetatu ya chini ni ile ile ya juu iliyogeuzwa, na kwa hiyo pande tatu zikishakubali kukutana, umbo linalopatikana ni moja tu. Hiyo ndiyo sababu fremu ya vijiti vitatu vilivyofungwa kwenye pembe haiyumbi, ilhali ya vijiti vinne inayumba hata kama urefu wa vijiti haubadiliki. Somo hilo zima lingepatikana kwa kuongeza matao mawili kwenye mchoro ambao tayari upo.

Chini ya mchoro huja maelezo, na hapa furaha yangu inapungua. Kwa kila swali programu huandika mistari mitatu: jumla ya upande wa kwanza na wa pili ikilinganishwa na wa tatu, ya kwanza na wa tatu ikilinganishwa na wa pili, na ya pili na wa tatu ikilinganishwa na wa kwanza. Kila mstari una alama ya vema au ya mkasi. Hakuna uongo hapo, lakini hakuna mwanga pia. Ukishaujua upande mrefu kuliko yote, mistari miwili kati ya hiyo mitatu haina jipya la kusema, kwa sababu upande mrefu ukijumlishwa na kitu chochote kilicho kikubwa kuliko sifuri lazima uzidi ule uliobaki. Swali ni moja tu: je, viwili vifupi vinakizidi kile kirefu? Mwanafunzi anayezoea kuandika mistari mitatu kwa kila swali anajifunza utaratibu wa kufuata, na siku anapopewa mtihani wenye maswali mengi ya namna hiyo anamaliza muda wake akithibitisha kwamba 9 na 4 zinaizidi 3. Ningependa programu ianze kwa kuzipanga pande kwa ukubwa mbele ya macho ya mtumiaji, ionyeshe hesabu moja inayoamua, na kuziacha nyingine mbili nyuma ya kitufe kwa anayetaka kuziona.

Kasoro kubwa zaidi ya maelezo hayo ni kwamba hayagusi kabisa swali la kwa nini. Sehemu ya "Fahamu zaidi" ina sentensi moja inayosema kwamba mstari mnyoofu ndio njia fupi baina ya nukta mbili, basi imekwisha. Ni kweli kwamba mtu yeyote anahisi ukweli huo mwilini mwake. Proclus, mwanafalsafa wa karne ya 5 BK aliyeandika ufafanuzi juu ya kitabu hicho cha kwanza cha Euclid, anasimulia kwamba wafuasi wa Epicurus, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, waliidhihaki hoja ya 20, inayosema kwamba pande mbili za pembetatu zinauzidi wa tatu, wakidai kwamba hata punda anaijua: mweke upande mmoja na majani upande wa pili, naye atakwenda moja kwa moja bila kuzungukia nukta ya tatu. Jibu la Proclus lilikuwa kwamba kuona kwa hisi kuwa jambo ni kweli na kulieleza kwa sababu zake ni vitu viwili tofauti. Nakubaliana naye, na mwanafunzi wa sekondari anastahili kitu hicho cha pili, hasa kwa kuwa uthibitisho wa Euclid unaingia kwenye skrini moja ya simu.

Chukua pembetatu ABC. Urefushe upande BA kupita A hadi nukta D, ili AD iwe sawa na AC. Sasa pembetatu ACD ina pande mbili zilizo sawa, kwa hiyo pembe zake za C na D ni sawa. Lakini pembe nzima ya BCD inaibeba ndani yake ile pembe ya ACD, hivyo ni kubwa kuliko pembe ya D. Na kwa kuwa katika pembetatu BCD pembe kubwa hukabiliwa na upande mrefu, BD inaizidi BC. Nayo BD si kitu kingine ila BA na AC zilizounganishwa. Programu inayoweza kuzungusha matao kwa ustadi ule ingeweza kuuchora uthibitisho huu kwa hatua nne, na sioni sababu ya kuuacha.

Sehemu ya mipaka ndiyo iliyonisumbua darasani. Ukiingiza 7 na 10 na kuuliza upande wa tatu unaweza kuwa na urefu gani, programu inajibu: "Kuanzia 3 hadi 17." Namba zenyewe zimepatikana kwa njia sahihi, moja ni tofauti ya pande mbili na nyingine ni jumla yake. Lugha ndiyo iliyokosewa. Kwa Kiswahili, anayesema kuanzia 3 hadi 17 amezihesabu 3 na 17 zenyewe ndani yake, kama vile anayesoma kuanzia ukurasa wa 3 hadi wa 17 anavyosoma kurasa hizo mbili pia. Wanafunzi wangu waliandika hivyo hivyo, na walipoulizwa ni namba nzima ngapi zinazofaa wakahesabu 15, ilhali zinazofaa ni 13, kuanzia 4 hadi 16. La ajabu ni kwamba ukizirudisha 7, 10 na 17 kwenye sehemu ya kukagua, programu hiyo hiyo inasema "hapana", na inasema kweli. Sehemu mbili za programu moja hazikubaliani, na anayeumia ni mwanafunzi mwenye bidii aliyejaribu zote mbili. Hata neno "kati ya" lisingetosha, kwa kuwa wengine hulisoma kwa kujumuisha mipaka na wengine bila kuijumuisha. Maneno yanayofaa ni "zaidi ya 3 na pungufu ya 17", na kuyarekebisha ni kazi ya kubadilisha sentensi moja.

Nikafika kwenye desimali, na hapa naomba msomaji anivumilie, kwa maana ndipo lilipo kosa zito la bidhaa hii. Nilipoingiza 0.1, 0.2 na 0.3, programu ilijibu kwamba pembetatu inawezekana. Haiwezekani, 0.1 na 0.2 zinalingana kabisa na 0.3, na hali ni ile ile ya 1, 2 na 3, ambazo programu inazikataa ipasavyo. Nilipoingiza 1.1, 2.2 na 3.3 ilikosea tena. Nilipoingiza 0.2, 0.3 na 0.5 ilipatia. Tabia hiyo ya kukosea hapa na kupatia pale ndiyo mbaya zaidi, kwa kuwa mtumiaji aliyejaribu mara moja akaona jibu sahihi atadhani desimali zote ziko salama.

Chanzo chake kinajulikana vizuri kwa wanaoandika programu. Kompyuta nyingi, na simu ni kompyuta, huhifadhi desimali kwa mfumo wa namba wenye kizio cha mbili, yaani unaotumia tarakimu 0 na 1 pekee, kwa utaratibu uliowekwa katika kiwango cha wahandisi kiitwacho IEEE 754, cha mwaka 1985. Katika mfumo huo 0.1 haiandikiki ikakamilika, kama vile sisi tusivyoweza kuikamilisha theluthi moja tunapoandika 0.333 na kuendelea bila mwisho. Simu huikata mahali fulani, na kinachobaki ni namba iliyo karibu mno na 0.1 bila kuwa 0.1 yenyewe. Ikijumlisha 0.1 yake na 0.2 yake hupata 0.30000000000000004, na 0.3 yake ikiwa chini kidogo ya hapo, sharti la kuzidi linaonekana kutimia. Kwa kipimo cha kawaida ziada hiyo si kitu. Kwa swali la pembetatu, ambalo mpaka wake ni mstari usio na unene, ziada hiyo ndiyo inayotoa hukumu.

Dawa ni rahisi, na ndiyo maana nakasirika kidogo kwamba haikutumiwa. Mtumiaji anapoingiza desimali, programu ingetafuta idadi kubwa zaidi ya tarakimu zilizo baada ya nukta, ikazizidisha namba zote tatu kwa 10, 100 au 1,000 inavyohitajika, kisha ikakagua namba nzima. Kuzidisha pande zote kwa namba moja hakubadilishi jibu, kwa sababu pembetatu inakuzwa tu. Ile 0.1, 0.2 na 0.3 ingegeuka 1, 2 na 3, na kosa lingetoweka. Mpaka hapo litakaporekebishwa, nimewaagiza wanafunzi wangu wafanye hivyo wenyewe kabla ya kuingiza chochote, na kwa kweli zoezi hilo limewasaidia kuelewa ufanano wa maumbo kuliko nilivyotarajia.

Kwa namba kubwa programu imejengwa vizuri zaidi. Programu za kizamani zilizohifadhi namba nzima kwa biti 32, yaani nafasi 32 za tarakimu 0 au 1, haziwezi kuvuka 2,147,483,647. Ukizipa pande tatu za 2,000,000,000 kila moja, jumla ya mbili inafurika na kugeuka namba hasi, na pembetatu yenye pande sawa inakataliwa. Hii ilizikubali pande hizo bila taabu. Niliiangusha tu kwa 1 pamoja na pande mbili za 10,000,000,000,000,000, ambazo zinaunda pembetatu halali na yenyewe ikakataa, kwa kuwa ile 1 inapotea katika jumla kubwa kiasi hicho. Sidhani kuna mtu atakayehitaji kipimo hicho. Nataja kwa sababu hata hilo lina tiba yake: badala ya kujumlisha viwili vifupi, programu ingetoa upande wa kati kutoka kwa mrefu na kuangalia kama tofauti ni ndogo kuliko ule mfupi. Kihesabu ni sharti lile lile, lakini namba kubwa zikitolewa moja kwa nyingine hazimezi ile ndogo. William Kahan, mmoja wa waliobuni kiwango nilichokitaja, alipendekeza mpangilio wa namna hiyo kwa ajili ya kukokotoa eneo la pembetatu nyembamba.

Sifuri na namba hasi zinakataliwa kwa ujumbe unaoeleweka: "Weka urefu unaozidi sifuri." Hili ni zuri, ingawa kwa mwalimu kuna jambo la kupendeza linalofichwa hapo. Masharti matatu yenyewe, yakitimia yote, tayari yanalazimisha kila upande uzidi sifuri. Jumlisha sharti kwamba a na b zinaizidi c pamoja na sharti kwamba a na c zinaizidi b, ondoa kinachofanana kila upande, na kinachobaki ni kwamba a mara mbili inazidi sifuri. Nimelitumia kama swali la ziada kwa wanafunzi wanaomaliza mapema.

Vipimo vya vitu halisi vinaleta tatizo la aina nyingine. Programu ina chaguo moja la kizio kwa pande zote tatu, sentimita, mita au nyinginezo, na haina njia ya kuchanganya. Fundi mwenye mbao za sentimita 80, mita 1 na mita 1.5, akisahau na kuingiza 80, 1 na 1.5, anaambiwa kwamba haiwezekani, wakati mbao zake zinaunda pembetatu bila shida. Chaguo la kizio kando ya kila kisanduku lingemwokoa. La pili ni kwamba kipimo cha mkono hakiwi kamili. Mtu aliyepima vijiti vitatu kwa sentimita nzima na kupata 4, 6 na 10 ana vijiti ambavyo kwa kweli viko mahali fulani baina ya 3.5 na 4.5, baina ya 5.5 na 6.5, na baina ya 9.5 na 10.5; viwili vifupi vikiwa vimezidi kidogo na kirefu kikiwa kimepungua kidogo, pembetatu nyembamba ipo. Jibu la haki kwake ni kwamba vipimo havitoshi kuamua, akapime upya kwa milimita. Programu inamjibu "hapana" kwa uhakika ambao vipimo vyake havina. Sioni kwamba hilo ni kosa la hesabu, lakini kisanduku kidogo cha kuandika usahihi wa kipimo kingeifanya ifae nje ya darasa pia.

Sehemu ya eneo inatumia kanuni ya Heron: mzingo unagawanywa kwa mbili, nusu hiyo inazidishwa na tofauti zake na kila upande, kisha kinatafutwa kipeuo cha pili. Kwa 13, 14 na 15 inatoa 84. Kwa 5, 5 na 6 inatoa 12, na kwa 5, 5 na 8 inatoa 12 vilevile, jambo ambalo huwashangaza wanafunzi wengi wanaodhani kwamba kurefusha upande lazima kuongeze eneo. Kwa 2, 3 na 6 inaacha kisanduku kitupu bila neno. Ingeeleza kwamba namba inayotafutiwa kipeuo imekuwa hasi, na kwamba kwa 2, 3 na 5 imekuwa sifuri kamili, ingekuwa imeunganisha sehemu zake mbili kwa uzi mmoja: kanuni ya eneo nayo inajua kukagua pembetatu.

Kuna matumizi mengine ambayo waundaji hawayataji popote, nami niliyapata kwa kucheza nayo. Chukua pande zinazounda pembetatu, tafuta kipeo cha pili cha kila moja, kisha zirudishe namba hizo mpya kwenye sehemu ya kukagua. Pande 4, 5 na 6 zinakuwa 16, 25 na 36, programu inasema "ndiyo", na pembetatu ya mwanzo ina pembe kali tupu. Pande 3, 4 na 5 zinakuwa 9, 16 na 25, zinalingana mpakani, na pembetatu ya mwanzo ina pembe mraba. Pande 2, 3 na 4 zinakuwa 4, 9 na 16, programu inasema "hapana", na pembetatu ya mwanzo ina pembe butu. Ni kanuni ya Pythagoras iliyotandazwa pande zake zote mbili, na chombo kilichokusudiwa kujibu swali moja kinajibu la pili bila kubadilishwa chochote. Somo nililolitoa kwa njia hiyo lilikuwa zuri kuliko yote niliyotoa muhula huu.

Mazoezi sina mengi ya kuyasemea. Yamepangwa kwa ngazi tatu na yanatoa alama, lakini jibu la karibu kila swali ni "ndiyo", kwa hiyo mwanafunzi mvivu anabonyeza kitufe kimoja mfululizo na kufaulu. Kurusha kete tatu na kuzichukua namba zake kuwa pande kungefanya kazi vizuri zaidi: kete tatu zina mipangilio 216 ya matokeo, na kati ya hiyo ni 111 inayounda pembetatu, yaani karibu nusu kwa nusu, na kati ya 105 inayokataliwa, 45 iko mpakani penyewe, ambapo ndipo mwanafunzi anapohitaji kujaribiwa. Siku hizi naacha sehemu hiyo ya programu na kutumia kete.

Kwa mwalimu anayetaka mchoro wa kuonyesha darasani, programu hii naipendekeza kwa moyo mweupe, na sijaona nyingine inayoonyesha pengo kwa uwazi huo. Kwa mwanafunzi anayejisomea peke yake naipendekeza akiwa tayari amechukua vijiti au bikari akajaribu kwa mikono yake, na akiwa na mtu wa kumweleza sababu. Kwa anayefanya kazi ya vipimo vya desimali siipendekezi kwa sasa. Nimewaandikia waundaji wake nikiwatumia namba zote nilizozitaja hapa, na toleo ninalolitumia bado halijabadilika. Anayetaka kujua kama lake limerekebishwa aingize 0.1, 0.2 na 0.3, kisha atazame kama vile vipande viwili vifupi vinaendelea kusimama vikafanya kilele, au vimelala chini bila pembe kama inavyopaswa.